Baiskeli ya umeme ya bei nafuu Malindi: ya asidi, ya lithiamu, au kufunga mota kwenye uliyo nayo?

Mnunuzi akiingia dukani, swali lake la kwanza huwa ni mota ina wati ngapi. Kwa Malindi hilo liwe la mwisho. Kutoka Maweni hadi Casuarina ardhi ni tambarare, na wati 250 zinatosha kumsukuma mtu wa kilo 80 akisaidia kidogo kwa pedali. Baiskeli nyingi za umeme zinazoishia nyuma ya nyumba zikilaliwa na kuku zina mota nzima kabisa. Kilichoziweka pale ni betri iliyochoka mapema, au waya uliooza kwa chumvi.

(Aliye Lamu mjini asijisumbue kusoma zaidi. Vichochoro vile ni vya punda na miguu.)

Za bei ya chini ziko za aina tatu. Kuna ile inayofanana na skuta ndogo, yenye pedali fupi zisizosukuma chochote cha maana, na chini ya kiti betri 4 za asidi za volti 12 zilizounganishwa kupata volti 48. Kuna baiskeli hasa, iliyotoka kiwandani na mota kwenye habu ya nyuma na betri ya lithiamu ya kuchomoa, mara nyingi ya volti 36. Na kuna kifurushi: unanunua gurudumu lenye mota, kontrola (kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwa mota), mkono wa kuzungusha kama wa bodaboda na betri, kisha fundi anakufungia kwenye baiskeli yako.

Anza na safari yako

Chukua volti uzizidishe kwa ampea-saa, upate wati-saa. Hizo ndizo mafuta yako. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360, ya volti 48 na ampea-saa 12 ina 576. Namba ya kilomita iliyochapwa kwenye katoni iache hapo hapo kwenye katoni.

Kwenye lami, mwendo wa kilomita 20 hadi 25 kwa saa na miguu ikisaidia, baiskeli hula wati-saa 12 hadi 15 kwa kilomita. Ukiacha pedali ukategemea mkono peke yake, hesabu 15 hadi 20. Ile ya mfano wa skuta, kwa uzito wake na tairi zake ndogo, ihesabie 20 tangu mwanzo.

| | Ya asidi | Ya lithiamu ya kiwandani | Kifurushi cha lithiamu |
|---|---|---|---|
| Betri ya kawaida | volti 48, ampea-saa 12 | volti 36, ampea-saa 10 | volti 48, ampea-saa 12 |
| Uzito wa betri | kilo 16 hivi | kilo 2.5 hadi 3 | kilo 4 hivi |
| Wati-saa unazopata kweli | 300 hadi 350 | 320 hivi | 520 hivi |
| Kilomita kwenye lami | 15 hadi 17 | 21 hadi 27 | 35 hadi 43 |
| Kuchajiwa kabla ya kuchoka | mara 200 hadi 300 | mara 500 hadi 800 | mara 500 hadi 800 |

Utaona ya asidi ina wati-saa 576 kwenye karatasi lakini haitoi hata theluthi mbili. Hilo halitokani na udanganyifu wa muuzaji. Betri ya asidi ikivutwa kwa nguvu hutoa kidogo kuliko ikivutwa polepole, na ampea-saa 12 zilizoandikwa zilipimwa kwa kuvutwa polepole zaidi. Mota inazimaliza ndani ya saa moja.

Sasa weka hesabu hiyo barabarani. Malindi hadi Watamu kupitia Gede ni kama kilomita 22, kwenda na kurudi 44. Ya asidi haifiki hata kwenda. Ya volti 36 inafika, lakini lazima ichajiwe kazini kabla ya kurudi. Ya volti 48 na ampea-saa 12 inakaribia kukurudisha nyumbani, na ukitaka kulala usingizi tafuta ampea-saa 15. Mambrui, kama kilomita 15 kuvuka daraja la Sabaki, iko ndani ya uwezo wa lithiamu zote mbili kwenda, na ya volti 48 inarudi bila wasiwasi.

Halafu kuna upepo. Upepo wa kusi ukishika, kuanzia Aprili, aendaye Gede anaupokea usoni. Upepo wa kilomita 15 kwa saa na mwendo wako wa 25 unaufanya mwili wako upambane na hewa ya 40. Ukipunguza mwendo hadi 20, unapambana na 35, na kwa kila kilomita unaokoa karibu robo ya nguvu iliyokuwa inaliwa na upepo. Wanaolalamika kwamba betri "imeharibika tangu masika" wengi wao betri yao ni nzima. Wanaendesha mwendo wa kaskazi ndani ya kusi.

Betri ya asidi: rahisi kuipata, rahisi kuiua

Faida yake ni kwamba kila fundi wa betri anaijua, inauzwa moja moja, haishiki moto kirahisi, na bei ya kuanzia ni ya chini kuliko zote. Kwa mwenye kibanda anayetoka Shella kwenda sokoni na kurudi, kilomita 6 kwa siku, inatosha.

Ila iangalie vizuri hesabu ya kuchaji. Anayechaji kila siku ya kazi anafika mara 300 ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo bei ya seti mpya ya betri 4 iingize kwenye bei ya baiskeli siku ile ile unayonunua, kisha ndipo ulinganishe na ya lithiamu. Mara nyingi unafuu unayeyuka hapo.

Kinachoiua kabla ya wakati ni kuachwa tupu. Ukifika nyumbani na taa moja imebaki, ukasema utachaji kesho kutwa, sahani za risasi zinaota ukoko wa salfeti na ukoko huo hautoki. Chaji usiku huo huo, hata kama umetumia nusu tu. Betri zikishaanza kuchoka, pima moja moja kwa mita baada ya kuchaji na kuziacha saa 3: nzima husoma volti 12.7 au 12.8. Ikiwa tatu zinasoma hivyo na moja inasoma 12.2, hiyo moja ndiyo inayowavuta wenzake. Kubadilisha hiyo peke yake kunasaidia wiki kadhaa, kisha mpya nayo inaharibiwa na zile kuukuu. Badilisha zote nne au usubiri.

Lithiamu ya kiwandani: nzuri hadi kontrola ife

Hii ndiyo tulivu kuliko zote kuendesha. Breki zimewekwa sawa, waya zimefichwa, uzito umegawanywa. Tatizo lake hujitokeza mwaka wa pili. Kontrola, skrini na betri zimetengenezwa zizungumze zenyewe kwa zenyewe, na plagi zake hazifanani na za mtu mwingine. Skrini ya shilingi kidogo ikiingia maji, baiskeli nzima inalala. Kabla ya kununua fungua kifuniko cha kontrola, au mwombe muuzaji akufungulie, uangalie mambo mawili: je, waya zinazotoka ni za rangi na mpangilio wa kawaida, yaani tatu nene za mota na tano nyembamba za vihisio (vinavyoiambia kontrola mota imezunguka hadi wapi)? Na je, kontrola ina nafasi ya kutosha pale ilipo kuingizwa ya kawaida ikifa? Ukijibiwa ndiyo kwa yote mawili, fundi wa redio mwenye akili anaweza kukuokoa siku ya siku.

Betri nayo. Ile iliyofichwa ndani ya fremu kwa umbo la kipekee ni mzigo. Iliyokaa kwenye kibati juu ya bomba la chini, au nyuma kwenye keria, unaweza kuibadilisha na ya kampuni nyingine. Kati ya baiskeli mbili za bei moja, chukua yenye betri ya nje hata kama haipendezi.

Kifurushi: kila kitu kinategemea baiskeli unayoanzia

Hapa ndipo watu wa Malindi hufanya kosa ghali, maana baiskeli iliyo nyumbani aghalabu ni Black Mamba. Fremu ni ya chuma kigumu, keria inabeba gunia, kwa hiyo inaonekana ndiyo yenyewe. Tazama vipimo kwanza.

Rimu yake ni inchi 28 kwa 1½, na pale tairi linapokaa ni milimita 635. Gurudumu la kifurushi lililoandikwa 28 huwa ni milimita 622, la baiskeli za 700C. Tairi la moja haliingii kwenye jingine. Breki za vyuma za Mamba zinabana upande wa ndani wa rimu, na rimu ya kifurushi haina sehemu ya kubanwa. Kwa hiyo ukifunga gurudumu la mota mbele, umepoteza breki ya mbele, na fremu haina mahali pa kufungia breki za aina nyingine. Baiskeli iliyoongezewa mwendo na kupunguziwa breki: hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Njia ya kulitatua ipo. Nunua mota bila rimu, kisha fundi asuke spoki upya kwenye rimu ya Mamba. Hesabu matundu ya rimu kabla ya kulipa, kwa sababu mota nyingi zina matundu 36, na rimu nyingi za Mamba ni 32 mbele na 40 nyuma. Spoki ziwe za urefu mpya zilizokatwa kwa habu hiyo pana; za zamani hazifai hata moja. Mdomo wa foku, pale ekseli inapoingia, pia utahitaji tupa, maana ekseli ya mota ina unene wa milimita 10 kwenye sehemu zake bapa na ya Mamba ni nyembamba zaidi. Piga tupa kidogo kidogo, pande zote sawa, hadi ekseli iingie kwa kubana. Ikiingia kwa kulegea, umepitiliza. Nyuma usijaribu: mota ya nyuma inataka upana wa milimita 135, na Mamba haifiki hapo bila kuikunja fremu.

Ukiniuliza, anza na baiskeli ya mtumba ya milima, ya inchi 26, fremu ya chuma, yenye breki za V mbele na nyuma. Pima upana wa ndani pale ekseli ya nyuma inapokaa: ukipata milimita 135, mota inaingia bila kugusa fremu. Friwili yako ya zamani ya kukaza kwa uzi inahamia kwenye habu ya mota. Breki zinabaki zote. Kazi nzima ni saa 3 kwa fundi anayejua kusuka gurudumu, na nusu ya muda huo huenda kwenye kufunga waya vizuri.

Mota ya mbele kwenye foku ya aluminiamu usifunge kamwe. Midomo yake hukatika bila onyo, na gurudumu hutoka ukiwa kwenye mwendo.

Mota yenyewe iko ya aina mbili. Ya gia ni ndogo, kilo 2.5 hadi 3.5, na ndani ina gia za plastiki ngumu. Ikizimwa, gurudumu linateleza bure bila kukuvuta. Isiyo na gia ni kubwa, hufika kilo 6, kimya, haina cha kuchakaa ila beringi, lakini ukiishiwa betri utaisukuma kama mkokoteni. Kwa mji tambarare chukua ya gia ya wati 250 hadi 350. Mbebaji mizigo mizito kwenye njia za mchanga za Ganda au Kakuyuni achukue isiyo na gia, kwa sababu kuvuta mzigo polepole kwenye mchanga ndiko kunakopasha mota moto, na gia za plastiki hulainika na kupoteza meno.

Ekseli, mahali panapodharauliwa

Mota ikivuta mbele, ekseli inasukumwa kuzunguka nyuma. Nati ikilegea, ekseli inageuka ndani ya mdomo, inaupanua, na waya unaopita katikati ya ekseli unakatwa kama kwa mkasi. Mota imekufa kwa nati moja.

Funga kipande cha chuma cha kuzuia ekseli isizunguke, kimoja kwa mota ya mbele hadi wati 350, viwili kwa zaidi ya hapo. Wasa yenye jino liingie ndani ya mdomo, lisikae juu yake. Nati ni ya ispana ya 18 au 19, uikaze kwa nguvu ya newtoni-mita 40 hivi. Asiye na ispana ya kupimia ashike ispana yenye urefu wa sentimita 20 na avute mwishoni kwa nguvu ya kuinua mtungi wa maji wa lita 20. Rudia baada ya kilomita 50, kisha 200. Wakati huo huo gusa spoki zote: za kifurushi hulegea mwanzoni, na zisipokazwa zinakatika moja, kisha tano.

Chumvi

Baiskeli zote tatu zinaugua ugonjwa huu, tofauti ni mahali unapoanzia. Ya asidi huanzia kwenye vichwa vya betri, vinavyoota unga wa kijani na mweupe. Ya kiwandani huanzia kwenye tundu la chaja na swichi ya ufunguo. Ya kifurushi huanzia kwenye viungio vya waya, maana fundi wengi hufunga tepu nyeusi na kuamini kazi imekwisha. Tepu inashika unyevu badala ya kuuzuia.

Kila kiungio kifunguliwe mara moja kabla ya masika, kifutwe kwa spiriti, kikauke, kipakwe vaselini au grisi nyembamba, kifungwe tena. Waya unaoingia kwenye ekseli au kontrola uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji lianguke badala ya kuufuata hadi ndani. Jambo hili la dakika moja linaokoa mota nyingi kuliko dawa yoyote ya kupulizia.

Usioshe kwa mashine ya presha, wala kwa maji ya kisima chenye chumvi. Kitambaa kilichoroweshwa maji baridi ya mfereji kinatosha. Na kupita ufukweni kwenye mchanga uliolowa, hata siku moja ya picha, ni kupeleka maji ya bahari kwenye beringi.

Dalili ya kwanza ya chumvi kwenye vihisio ni mota kutetemeka kama yenye homa unapoanza kuondoka, kisha ikikolea inakubali. Kabla ya kununua mota mpya, pima. Washa, weka mita kati ya waya mwekundu na mweusi kwenye zile tano nyembamba: unataka volti 4.5 hadi 5. Kisha mweusi na njano, zungusha gurudumu kinyumenyume kwa mkono polepole: namba iruke kutoka karibu 0 hadi karibu 5 na kurudi. Fanya hivyo kwa kijani na buluu. Moja ikikwama, safisha kiungio kwanza. Mara nyingi hapo hapo inapona.

Chaja, na paa la makuti

Chaja ya lithiamu ya volti 48 yenye seli 13 imeandikwa 54.6. Ya volti 36 yenye seli 10 imeandikwa 42. Ya asidi ya volti 48 hufika 58 au 59. Plagi zao zinaweza kufanana kabisa. Kuweka chaja ya asidi kwenye betri ya lithiamu ni kuiachia bodi ndogo ya ulinzi iamue kama nyumba itaungua, na kwenye betri za bei nafuu bodi hiyo si ya kuaminiwa. Andika kwa rangi juu ya kila chaja.

Usichaji chini ya makuti. Usichaji karibu na mlango ambao ndio wa pekee wa kutokea. Betri iliyotoka juani iache ipoe kivulini dakika 40 kabla ya kuichomeka. Stima zikipotea, chomoa. Zikirudi kwa kishindo chaja za bei nafuu ndizo hutangulia. Ukisafiri kwa wiki kadhaa, acha lithiamu ikiwa nusu, acha asidi ikiwa imejaa.

Gharama ya stima isikusumbue. Kuijaza lithiamu ya wati-saa 576 kunakula yuniti 0.7 hivi, ya asidi inakaribia yuniti moja kwa sababu inapoteza zaidi kama joto. Zidisha kwa bei ya yuniti kwenye tokeni yako, kisha linganisha na nauli ya tuktuk.

Ukinunua ya mtumba

Nenda na mita ya umeme, na mwambie muuzaji betri iwe imejaa. Ya seli 13 isome 54 na kitu; ikisoma 52 mara tu baada ya kuchomolewa kwenye chaja, kuna seli zilizochoka. Panda, uzungushe mkono hadi mwisho huku mtu amekushikilia nyuma, utazame volti. Kushuka kwa volti 2 au 3 ni kawaida. Zikizidi 5, hiyo betri ihesabu kuwa haipo, na toa bei yake kwenye bei unayoambiwa.

Mwisho inua gurudumu la mota na ulizungushe kinyumenyume, umeme ukiwa umezimwa. Likiwa zito kwa kukwamakwama, chomoa zile waya tatu nene, uzungushe tena. Likilegea, kontrola ndiyo iliyoungua, na hiyo ni ya kubadilisha. Likibaki zito, koili za mota zimegusana, na hapo mrudishie muuzaji baiskeli yake kabla hujafungua pochi.